Usiiache injini ihukumu michezo yake yenyewe

Usiihesabu hiyo michezo 31, ndugu yangu. Umeeleza kwamba ulikatisha michezo 31 kati ya 100 ilipofika hatua ya 60 ili kuokoa umeme, na kwamba unataka kulitunuku ushindi toleo jipya la injini yako, yaani programu yako inayocheza sataranji, popote linapojiona mbele kwa +2, sawa na thamani ya askari wawili. Nilipoisoma hiyo +2 nilishindwa kunyamaza, kwa sababu ndiyo iliyonila miezi mitano hapa Kondele, Kisumu.

Nilikuwa nimeongeza thamani ambayo injini yangu ya sataranji inazipa kete zinazomzunguka mfalme wa mpinzani. Nikalipambanisha toleo hilo na la zamani kwa michezo 400, na ile iliyochelewa nikaikata kwenye hatua ya 60 na kuihukumu kwa alama za toleo jipya. Lilipata pointi 232 (ushindi ni 1, sare ni nusu), yaani ubora wa takriban 56 kwa Elo, kipimo cha nguvu za wachezaji wa sataranji, nami nikafurahi kama aliyeokota almasi. Sikutambua kwamba badiliko langu halikuifanya injini icheze vizuri zaidi. Liliifanya ijisifu zaidi. Kila ilipopeleka malkia na farasi karibu na mfalme, alama zilipanda, na alama hizohizo ndizo nilizozitumia kuitangaza mshindi. Kesi ya nyani nilimpelekea ngedere.

Kwa miezi mitano nikajenga juu ya toleo hilo, kila badiliko likipimwa dhidi yake, kompyuta ikiunguruma usiku kucha na tokeni za umeme zikiisha kabla ya mwisho wa wiki. Siku niliyoamua kuendeleza michezo 71 niliyokuwa nimeitunuku ushindi, toleo jipya lilishinda 29 tu, likatoka sare 34 na likashindwa 8. Pointi 25 zikayeyuka. Zilizobaki, 207 kati ya 400, ni ubora wa Elo 12 hivi, ilhali kosa la kipimo kwa idadi hiyo ya michezo ni takriban 26 juu na chini. Kwa maneno mengine, sikuwa na ushahidi wowote.

Aliyenifundisha njia hiyo alikuwa akitoza ada kwa masomo ya mtandaoni, na nilipomuuliza kama ni salama alinijibu kwamba injini inaiona sataranji kuliko mimi, kwa hiyo nisibishane nayo. Hadi leo jibu hilo linanichoma. Mtu anayefundisha upimaji kwa malipo alipaswa kujua kwamba askofu na askari wa safu ya pembeni, wakihesabiwa kwa thamani ya kete, ni kama askari wanne mbele, na bado mchezo ni sare kabisa iwapo askofu huyo hatawali mraba wa pembe ambamo askari angegeuka malkia na mfalme wa mpinzani ameshajikalia humo. Hali za maaskofu wa rangi tofauti, mmoja wa miraba myeupe na wa mpinzani wa miraba myeusi, nazo hudanganya vivyo hivyo, tena mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo injini inayopimwa isiwe mwamuzi. Mchezo uchezwe hadi mwisho. Ukilazimika kukata, ushindi utolewe pale tu injini zote mbili zinapokubaliana kwa hatua kadhaa mfululizo, na kwa kiwango cha juu zaidi ya +2, kwa mfano +6. Au hukumu itoke kwenye majedwali ya miisho ya Syzygy, ambayo yana jibu kamili kwa hali zenye kete saba au pungufu. Ya kete tano yanachukua takriban gigabaiti 1 tu, kwa hiyo diski yako ndogo isiwe kisingizio. Wala usiitupe michezo hiyo 31 ukabaki na 69, kwa maana michezo mirefu si sampuli ya kawaida: ndimo udhaifu wa kumalizia unamoonekana.

Tena hata 100 iliyokamilika haitakutosha. Matokeo ya 55 kwa 45, yakiwa na sare 40, yanaweza kumaanisha chochote kati ya Elo 18 nyuma na 89 mbele. Watengenezaji wa Stockfish, injini mashuhuri ya sataranji, kupitia mfumo wao wa upimaji wa Fishtest ulioanza mwaka 2013, hucheza maelfu kwa maelfu ya michezo kabla ya kulikubali badiliko dogo.

Faili ya michezo hiyo usiifute. Fungua hali ya mwisho ya kila mmoja, uziachie injini zote mbili ziendelee kutoka hapo usiku huu, kisha uniandikie umepata nini kabla hujagusa hata mstari mmoja wa programu yako.