Kwa nini milima yako inaonekana imebandikwa

Dada, umeuliza kwa nini milima ya nyuma kwenye mchoro wako inaonekana kama imekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Umbo halina shida. Shida ni weusi: umetumia kijani kilekile kizito mbele na nyuma. Hewa yenyewe, pamoja na unyevu na vumbi vilivyomo, hutawanya mwanga, kwa hiyo kadiri mlima unavyokuwa mbali, vivuli vyake hupauka na kuelekea bluu. Vivuli ndivyo vya kurekebisha kwanza.

Mtafute mchoraji Guo Xi wa China, mchoro wake wa milima mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wa mwaka 1072. Ni wino na rangi hafifu juu ya hariri, wala hautegemei bluu! Miti ya mbele imekolea, miguu ya milima imemezwa na ukungu, kilele kinabaki kinaelea juu. Pale penye ukungu brashi imepita kidogo sana. Hariri yenyewe ndiyo inayofanya kazi.

Kwa rangi ya maji, mimi huanza nyuma kabisa na rangi nyepesi kama chai iliyochujwa mara ya pili, nasubiri ikauke, kisha nakoleza nikija mbele. Chini ya kila mlima napitisha brashi yenye maji matupu ili ukingo uyeyuke. Ila usiyeyushe kila kitu. Ukungu ukitapakaa kote hauleti hisia ya upweke, unaleta uji. Bakiza jiwe moja au mti mmoja wa mbele wenye ukingo mkali.