Jibu kwa dada anayesoma mara tano na bado anasahau

Iweke chini hiyo kalamu ya manjano, dada yangu. Umeandika kwamba umeyapitia madaftari yako ya uhasibu mara nne, kwamba mtihani umebakisha wiki mbili, na kwamba unakusudia kuyapitia mara ya tano. Kisha ukauliza kwa nini binadamu husahau. Mimi nilisoma mara saba, na nilianguka.

Nilikuwa karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa bandarini Mombasa, na nilikuwa nimeahidiwa cheo cha mhasibu msaidizi iwapo ningefaulu. Kila usiku, nyumbani Likoni, niliketi na chupa ya chai nikapitia kurasa zile zile hadi kila mstari ukawa na sura ya jirani. Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu kulitambua jambo ukiliona na kulitoa kichwani usipoliona ni kazi mbili mbalimbali. Mimi nilijizoeza ya kwanza, na mtihani ukanidai ya pili. Lilipotokea swali la uchakavu wa mali, yaani jinsi thamani yake inavyopungua kadiri inavyotumika, niliuona ukurasa mzima: rangi ya manjano juu, doa la chai pembeni kushoto, hata pale nilipokuwa nimekunja karatasi. Maneno tu ndiyo hayakuwapo. Ningeulizwa habari za lile doa, ningepata alama zote.

Cheo kilikwenda kwa mwenzangu, nami nikalipa ada ya mtihani upya. Aliyenipoteza ni mwalimu mmoja wa masomo ya ziada, mtu wa tai na sauti nzito, aliyetuapia kwamba ukisoma mara kumi, ya kumi hukaa yenyewe. Kilichokaa ni fedha zangu mfukoni mwake.

Wanasaikolojia wana maelezo kadhaa ya kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba sehemu kubwa hupotea mapema, ndani ya saa na siku za kwanza, kisha kasi hupungua. Wengine husema mambo yanayofanana huingiliana, kama nilivyochanganya njia mbili za kukokotoa uchakavu kwa kuzisoma usiku mmoja. Wengine husema kitu kimo ila kimekosa cha kukivutia nje, na hili ndilo lililonipata.

Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke huko Marekani waliwapa wanafunzi makala mafupi: baadhi wayasome tena, baadhi wajaribu kuyaandika bila kuyatazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena waliongoza: walikumbuka asilimia 81 ya yaliyomo, wenzao 75. Baada ya wiki walikuwa wameshuka hadi 42, na wenzao walikuwa na 56. Tazama hizo dakika 5, maana ndizo zinazokudanganya wewe sasa: unafunga daftari ukiwa umeshiba, na wiki ijayo utakuwa na njaa.

Kwa hiyo soma mara moja, funga, jiulize. Nilipojiandaa kurudia mtihani, nilimkabidhi mdogo wangu madaftari yote, naye akawa ananihoji kila asubuhi tukivuka kwa feri, bila huruma na kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi ng'ambo. Muuza njugu mmoja aliyekuwa akivuka nasi alifikia hatua ya kunijibia. Niliaibika sana wiki ya kwanza, na nilifaulu. Anza leo na sura unayoichukia kuliko zote, na ukikwama, vumilia dakika mbili nzima kabla ya kuchungulia.