Jibu: Uarabuni kuna nini zaidi ya mchanga?

Ndugu yangu, umeuliza kama Rasi ya Uarabuni ina cha kutazama ukiondoa mchanga na maghorofa ya Dubai. Kipo tele, ila anzia Oman. Na huo mchanga usiudharau: jangwa la Rub' al Khali lina takriban kilomita za mraba 650,000, limegusa nchi nne, na usiku wa kipupwe utalitafuta blanketi.

Mimi ningekupeleka Salalah, kusini, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mapema Septemba. Upepo wa kusi, ule ule uliorudisha majahazi Uarabuni kutoka Zanzibar, hugonga milima ya Dhofar ukashusha ukungu na manyunyu. Wenyeji huuita msimu huo khareef. Milima inakuwa kijani kibichi, ngamia wanatembea kwenye nyasi, huku Muscat joto likipita nyuzi 40! Hoteli hujaa, wahi kuweka nafasi.

Kaskazini kuna mlima Jabal Shams, karibu mita 3,000, na mifereji ya aflaj inayoteremsha maji hadi mashambani bila pampu. UNESCO iliorodhesha mitano kati yake kuwa Urithi wa Dunia 2006. Lugha isikutie hofu. Muscat utakuta wazee wenye Kiswahili cha Unguja kitamu kuliko chako.