Noti nne za James Horner
Unauliza kama ni muziki uleule unaojirudia kwenye filamu tofauti? Masikio yako hayajakudanganya, ndugu. Ulichosikia kwenye filamu ya Troy (2004) na tena kwenye Avatar (2009) ni kitu kilekile: noti nne za muziki za harakaharaka, mara nyingi za tarumbeta, hatari inapokaribia. Mtunzi wa muziki wa filamu hizo ni mmoja, James Horner, na alishazitumia kwenye Willow mwaka 1988, kisha Enemy at the Gates mwaka 2001. Kuna wanaomwita mvivu. Mimi naziona kama saini yake tu, ingawa kwenye Troy alizidisha mpaka ikawa kero. Halafu hata si zake kabisa! Sikiliza sekunde chache za mwanzo wa Simfonia ya Kwanza ya mtunzi Mrusi Rachmaninoff, ya 1895. Utacheka.