Presha Ilipanda Nikiwa Mjamzito: Je, Njia Gani ya Kupanga Uzazi Ni Salama Kwangu?

SWALI: Nina umri wa miaka 33 na ninaishi Kayole na mume wangu na watoto wetu wawili. Mdogo ametimiza miezi 5. Ananyonya, lakini tangu nirudi kazini mwezi uliopita hupewa uji mchana. Hedhi yangu haijarudi. Nilipokuwa na mimba yake presha ilipanda nikawekwa kwenye dawa, nikaachishwa wiki chache baada ya kujifungua, lakini juzi kliniki nilipimwa nikaambiwa ni 146/94. Kabla ya mtoto huyu nilikuwa nikidungwa sindano ya miezi 3, na nilipoiacha nilikaa karibu mwaka mzima kabla ya kushika mimba, jambo lililotutia hofu. Sasa kuna mama pale saluni anayeuza kidonge cha kumezwa mara moja tu kwa mwezi, kwa shilingi 300, na wengi wanakisifu. Mume wangu naye hataki kusikia habari za kijiti cha kupanga uzazi kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kwa kuwa aliambiwa hutembea mwilini hadi moyoni. Tungependa mtoto wa tatu baada ya miaka 3 au 4. Nifanye nini?

JIBU: Mama, nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo la haraka zaidi. Kunyonyesha huzuia mimba kwa kiwango cha takriban asilimia 98, lakini kwa masharti 3 yanayopaswa kutimia yote kwa pamoja: mtoto awe hajafikisha miezi 6, hedhi iwe haijarudi, na mtoto awe ananyonya maziwa ya mama pekee, usiku na mchana. Uji umeshavunja sharti la tatu. Kutoona hedhi hakukukingi, kwa kuwa yai huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, na ndiyo maana kila mwezi mimi huwapokea akina mama waliokuja kutafuta njia ya kupanga uzazi wakarudi nyumbani na kadi ya wajawazito. Kwa hiyo tumieni kondomu kuanzia leo, na upimwe mimba kwanza kabla ya jambo lingine lolote. (Kuhusu uji wenyewe, maziwa yaliyokamuliwa na kuhifadhiwa vizuri yangemfaa mtoto zaidi mpaka atimize miezi 6, muulize muuguzi wa kliniki akuonyeshe namna ya kuyakamua kabla ya kutoka kwenda kazini.)

Jambo la pili ni ile 146/94. Kipimo kimoja hakitoshi kusema kwamba una ugonjwa wa presha, na mara nyingi kipimo chenyewe huchukuliwa vibaya. Katika baridi ya Julai huwaona akina mama wakishuka matatu mbiombio, mtoto mgongoni, wakaketi kwenye benchi lisilo na egemeo, na mkanda wa mashine ukafungwa juu ya mkono wa sweta kwa sababu foleni ni ndefu. Nambari inayotoka hapo siiamini. Keti kwa dakika 5 ukiwa umeegemea, miguu ikiwa sakafuni bila kupishana, kibofu kikiwa kitupu, mkono ukiwa wazi na umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, wala usizungumze mashine inapofanya kazi. Rudia kipimo baada ya dakika chache, kisha siku nyingine. Endapo kitaendelea kusoma 140/90 au zaidi, unahitaji kuonwa na daktari kuhusu presha yenyewe, mbali na suala la uzazi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali ambalo kwa hali yako ningekutaka uliulize juu ya kila njia utakayotajiwa: je, ina estrojeni? Vidonge vya kawaida vinavyomezwa kila siku vina homoni 2, estrojeni na projestini, na estrojeni ndiyo inayoweza kupandisha presha na kuongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kwamba mwanamke ambaye presha yake iko kati ya 140/90 na 159/99 asitumie vidonge hivyo ikiwa njia nyingine zinapatikana, na akifika 160/100 asivitumie kabisa. Mwongozo huohuo unashauri mama anayenyonyesha asubiri hadi mtoto atimize miezi 6. Wewe, kipimo kile kikithibitishwa, umo katika makundi yote mawili.

Sasa kile kidonge cha saluni. Ili kumezwa mara moja na kuzuia mimba kwa mwezi mzima, dawa ya namna hiyo hubeba homoni nyingi kwa mkupuo, na baadhi ya vidonge vya mara moja kwa mwezi hutengenezwa kwa kwinestroli, ambayo ni estrojeni inayohifadhiwa katika mafuta ya mwili na kutolewa kidogokidogo. Ukimeza kidonge cha kila siku kikakudhuru, kesho huendelei nacho. Kijiti kikikusumbua, hutolewa. Lakini hiki, presha ikipanda siku ya tatu, hakuna muuguzi wala daktari atakayeweza kukitoa. Hata hivyo, hayo ni makisio juu ya kilichomo ndani, kwa sababu dawa isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na tarehe ya kuisha muda na isiyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu haina wa kukuhakikishia lolote. Simlaumu sana mama wa saluni, kwani huenda naye anakitumia akiwa na imani kamili. Ila kwa mama anayenyonyesha mwenye 146/94 siwezi kufikiria chaguo baya zaidi ya hilo.

Kuhusu sindano, pengine nikutoe hofu kidogo. Baada ya sindano ya mwisho ya Depo, yaani hiyo ya miezi 3, wanawake hushika mimba baada ya miezi 10 hivi kwa wastani, wengine mapema na wengine baadaye, kwa hiyo mwaka wako mmoja haukuwa dalili ya ugumba wala ya mfuko wa uzazi kuharibika. Kwa kiwango cha presha ulichonitajia unaweza kuitumia ikiwa hakuna inayokufaa zaidi, ingawa ikifika 160/100 hatungeipendekeza. Kinachonifanya nisikuchagulie ni mpango wenu wa mtoto wa tatu: mnataka njia inayoachia siku mnayotaka, na sindano haina tabia hiyo.

Kijiti kinayo. Kina projestini pekee, presha yako haikizuii, hakipunguzi maziwa, na kati ya wanawake 1,000 wanaokitumia kwa mwaka, ni takriban mmoja tu anayeshika mimba. Kuna cha kijiti kimoja kinachofanya kazi kwa miaka 3, na kuna cha vijiti viwili kinachofanya kazi kwa miaka 5. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi.

Mumeo ningempa jibu la kweli badala ya kumcheka. Kijiti ni kitu laini chenye urefu wa sentimita 4, karibu sawa na njiti ya kiberiti, na huwekwa chini ya ngozi tu, upande wa ndani wa mkono wa juu, baada ya sindano ya ganzi. Kikiwekwa hapo hukaa hapo, na kikisogea huwa ni kwa umbali mdogo sana. Zimewahi kuripotiwa kesi chache mno duniani ambapo kijiti kilipatikana kwenye mishipa ya damu ya mapafu, na hilo huhusishwa na kukichoma kwa kina kupita kiasi. Kinga yake ni rahisi: kabla hujainuka kitandani, muuguzi akushike kidole chako na kukipitisha juu ya ngozi hadi ukisikie wewe mwenyewe. Nenda na mumeo, naye akiguse. Usipokisikia, usiondoke.

Litakalokusumbua kwa kweli ni damu. Wengine hupata matone yasiyo na ratiba kwa miezi kadhaa, wengine hukosa hedhi kabisa, na damu isiyotoka haikusanyiki popote tumboni, maana haijatengenezwa. Ukiona hilo hutalivumilia, zungumza kuhusu koili ya shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, kisicho na homoni hata chembe, ambayo presha haina neno nayo na ambayo hufanya kazi hadi miaka 10 lakini huweza kutolewa wakati wowote. Adha yake ni kinyume: hedhi huwa nzito na yenye maumivu zaidi, hasa katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu afikirie mara mbili. Vidonge vya projestini pekee navyo vinakufaa, mradi uvimeze saa ileile kila siku; kwa mtu aliyerudi kazini na mwenye mtoto wa miezi 5, mimi huona ni kujitafutia mashaka. Kufunga uzazi si kwenu kwa sasa.

Chaguo langu kwako, basi, ni kijiti cha miaka 3. Kipimo cha mimba kikiwa hasi kinaweza kuwekwa siku hiyohiyo, mkaendelea na kondomu kwa siku 7, kisha urudie kipimo baada ya wiki 3 au 4, kwa sababu mimba changa mno huenda isionekane leo. Ukiamua koili, itabidi kungojea mpaka tuwe na hakika huna mimba. Mwambie muuguzi dawa zote unazotumia, hasa za kifua kikuu, za kifafa na za virusi vya ukimwi, kwani rifampisini, kabamazepini na efavirenzi hudhoofisha kijiti.

Huduma hii hupatikana katika vituo vya afya vya umma vya mtaani na katika hospitali kama Mama Lucy Kibaki, ambayo haiko mbali nawe. Beba kijitabu cha Mama na Mtoto, kwa kuwa rekodi za presha yako zimo humo, na kabla ya kuwekewa uliza nani atakayekitoa na siku zipi za wiki.

Ikiwa kidonge cha saluni umeshakimeza, usimeze kingine, na uje na karatasi yake hata kama haina maandishi. Maumivu makali ya kichwa yasiyopoa, macho kuona vimulimuli, maumivu ya kifua au mguu mmoja kuvimba ni mambo ya kukupeleka hospitali usiku huohuo. Na maziwa yakipungua ghafla, au ukiona matiti ya mtoto yamevimba, mlete naye aangaliwe.