Muulize Fundi: Nitanue poti za ekzosi?

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nina Corolla 111, injini 4A-FE, mlimani inachoka sana nikipakia watu wanne. Kuna fundi huku Morogoro anasema tushushe silinda hedi (kile kichwa cha injini chenye valvu), atanue poti za ekzosi, yaani matundu ya kutolea moshi, mpaka mstari wa gasketi ya manifoldi halafu azipolishi zing'ae kama kioo, eti itapumua na nguvu itaongezeka. Nimpe kazi?

JIBU: Salama mdogo wangu. Kupolishi upande wa ekzosi sawa, masizi hayatashika haraka, ila hilo la kutanua mpaka mstari wa gasketi mkatalie kabisa. Moshi unatoka kwa kasi na kasi hiyo ndo inasaidia kuvuta hewa mpya, sasa tundu likiwa kubwa mno moshi unapunguza mwendo na nguvu ya injini ikizunguka polepole inapotea, na wewe unayoitafuta ni hiyohiyo. Halafu poti ikiwa ndogo kidogo kuliko mdomo wa manifoldi (bomba linalopokea moshi kutoka kwenye hedi) ni vizuri, ile ngazi inazuia moshi kurudi nyuma.

Kazi yenyewe iko ndani, karibu na valvu. Chini ya siti ya valvu, ile pete valvu inapokalia ikifunga, kunakuwaga na kingo kali zilizoachwa na mashine kiwandani, na kuna ile kona fupi ambapo moshi unageuka ghafla, hapo ndo unakwama. Alainishe kingo, kona aiguse kidogo sana maana nyuma ya ukuta ule kuna njia ya maji, akitoboa hedi imekufa. Siti zisagwe pembe tatu, nyuzi 30, 45 na 60, ila ya ekzosi isiwe nyembamba, valvu ile inapozea joto lake pale pale kwenye siti, ikikosa inaungua. Na poti za silinda zote nne zilingane.

Ila mimi ningeanza kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. 4A-FE Toyota waliitengeneza kwa kubana matumizi ya mafuta, ya mbio ni ndugu yake 4A-GE, kwa hiyo hata hedi ikichongwa vizuri, kwa kamshafti (shafti zinazofungua valvu) zilezile utapata kidogo tu tena injini ikizunguka kwa kasi. Gari ya umri huo ikichoka mlimani mara nyingi valvu hazizibi, ringi zimekwisha au katalisti, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, imeziba. Legeza bomba kabla ya katalisti, fungua vioo, jaribu mlima uleule mara moja tu. Ikipanda vizuri shida ni katalisti, hedi usiifungue.