Maswali ya Wasomaji: Jaketi la Mvua Linalolowa

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni nahodha wa boti ya kuwapeleka wageni kutazama pomboo, huku Kizimkazi. Nina jaketi la mvua nililolinunua mitumbani Darajani, na mwanzoni maji yalikuwa yakiteleza juu yake bila kushika. Siku hizi linalowa mabegani na mikononi, linakuwa zito, na ndani nahisi majimaji, ingawa nimelikagua na sikuona tundu. Nyumbani hufuliwa kwa sabuni ya kipande na maji ya kisima, kisha hulowekwa katika dawa ya kulainisha nguo ili litoke harufu ya bahari. Je, limekwisha kazi?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kwa jinsi ulivyolieleza, jaketi lako halijafa, ila limeelemewa na chumvi na sabuni.

Nguo ya namna hiyo huwa na kinga mbili. Ya kwanza ni dawa iliyopakwa juu ya kitambaa cha nje, ambayo huyafanya maji yajikusanye kuwa matone na kuporomoka. Ya pili ni utando ulio upande wa ndani, ambao huzuia maji kupenya na, katika majaketi mengi mazuri, huruhusu mvuke wa jasho kutoka. Dawa ya nje inapozidiwa, kitambaa hunywa maji na kulowa chapachapa. Utando bado unaweza kuwa mzima, lakini jasho hukosa njia ya kutokea na kugeuka maji humo humo ndani. Ndiyo maana watu wengi hudhani jaketi linavuja, kumbe wamelowa kwa jasho lao wenyewe.

Sasa tutazame ufuaji wenu, kwani hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kusini mwa Unguja ardhi ni ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake kwa kawaida huwa na chokaa nyingi. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa haitoi povu la kutosha, bali huacha utando mweupe kama ule unaouona ukingoni mwa beseni, na utando huo hushika kwenye nyuzi za kitambaa. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi, kwa sababu kazi yake ni kubaki kwenye nguo baada ya kusuuza, na kinachobaki hudhoofisha ile kinga ya nje. Ukiongeza chumvi ya bahari, ambayo huvuta unyevu hata nguo ikiwa imeanikwa, na mafuta ya kujipaka yanayojikusanya kolani, utaelewa kwa nini matone hayatelezi tena.

Dawa hiyo ya kulainisha iacheni kabisa, pamoja na jiki. Fungeni zipu zote, fueni jaketi kwa mkono katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 30, kwa sabuni ya maji kidogo isiyo na manukato mengi. Ipo pia sabuni maalumu ya nguo hizi, kama Nikwax Tech Wash, kwa anayeweza kuagiza. Msilikamue kwa kulisokota. Suuzeni mpaka maji yatoke bila povu, na suuzo la mwisho, mkiweza, liwe la maji ya mvua yaliyokingwa, kwa kuwa hayana chokaa. Mafuta ya kolani yasuguliwe taratibu kwa kidole, si kwa brashi ngumu.

Likishakauka kivulini, lipe joto. Lebo ya ndani ikiruhusu pasi, tandaza kanga juu ya jaketi na upitishe pasi ya moto mdogo, isiyo na mvuke, bila kuituliza mahali pamoja. Joto hilo huiamsha dawa ya nje iliyolala. Kisha dondosha maji begani: yakisimama kama shanga, umefanikiwa, yakienea na kukiacha kitambaa cheusi, dawa imechakaa na itabidi upulizie nyingine. Kwa jaketi lenye bitana chagua ya kupuliza, kwa sababu ile ya kuchanganya na maji ya kufulia huingia mpaka kwenye bitana.

Baada ya hapo, kila urudipo pwani likitoka kurushiwa maji ya bahari, limwagie maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa maoni yangu tabia hiyo moja ina faida kuliko kufua kila wiki.

SWALI: Koti langu la mvua limekaa sandukuni tangu masika. Nimelitoa, ndani linanata na linababuka vipande. Nilitibu vipi? (Msomaji, Mkoani, Pemba)

JIBU: Halitibiki. Mpako wa ndani wa poliuretani huvunjwavunjwa na unyevu pamoja na joto, na visiwani kwetu vyote viwili havina msimu wa kupumzika. Dawa ya kupuliza haitaurudisha. Koti jipya litundike mahali penye hewa, likiwa kavu kabisa, wala usilikunje ndani ya mfuko wa plastiki, kwani humo huingia kawa na kuharibika upesi. Yale makoti mazito ya plastiki wanayovaa wavuvi hayahitaji yote haya: yafute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, uyasuuze, na usiyapige pasi kamwe.